Timu kubwa ikishinda kidogo

Najua nimepotea kama wiki tatu hivi na wengine mmeniulizia, asanteni. Sababu za kupotea ni mbili: testi na aibu. Testi zimeisha. Aibu bado ipo, na leo nimeamua kuimwaga yote hapa, maana nisipoimwaga nitaendelea kumkwepa mshikaji wangu wa chumbani, na chumba chenyewe kina vitanda vinne tu, sasa utamkwepa mtu mpaka wapi?

Kisa chenyewe kiko hivi. Kwenye semina ya takwimu tuliambiwa kila mtu achague mfano wa kweli ambapo namba zilifichua uchafu, halafu aje aueleze mbele za watu. Wengi wakachukua mambo ya uchaguzi na sensa. Mimi nikaenda mbali, nikachukua mpira wa kikapu wa vyuo vya Marekani. Nikasimama pale mbele nikatamba kwelikweli: kuna mchumi anaitwa Justin Wolfers, mwaka 2006 alichapisha utafiti wake wa mechi 44,120 za mwaka 1989 hadi 2005, na akakadiria kwamba kati ya timu zinazopewa nafasi kubwa sana ya kushinda, kama asilimia 6 zilikuwa tayari kuchezea matokeo kwa ajili ya kamari. Darasa likaguna. Nikapata maksi nzuri. Mshikaji wangu wa chumbani alikuwa kiti cha nyuma, anasikiliza kuliko wote.

Wiki iliyofuata bumu likaingia. Jamaa bila kuniambia akaanza kuweka mikeka ya mechi za vyuo vya Marekani, zile zinazochezwa usiku wa manane huku kwetu, kila siku anamshika kibonde dhidi ya timu kubwa. Siku nane baadaye shilingi 180,000 zimekwenda na maji. Nilipomuuliza ana akili gani akanijibu kwa upole tu: "Si wewe ndiye uliyesema zimepangwa?"

Sikuwa na jibu. Basi nikarudi maktaba kusoma ile historia upya, safari hii bila haraka ya kutafuta cha kutambia. Haya ndiyo niliyoyakuta.

Tuanze na kitu kinachoitwa handikapu, maana bila hicho hamtanielewa. Zamani mtu akitaka kucheza kamari ya mechi alichagua nani atashinda, basi. Shida ilikuwa kwamba timu kubwa ikikutana na kibonde hakuna mtu anayetaka kumshika kibonde, biashara inalala. Kwenye miaka ya 1940 huko Chicago kukawa na bwana mmoja, Charles K. McNeil, aliyekuwa amewahi kufundisha hesabu na kufanya kazi benki ya kuchambua hisa na dhamana. Yeye ndiye anayetajwa zaidi kwamba alileta utaratibu wa kumpa kibonde pointi za bure. Kwa mfano timu kubwa inawekewa handikapu ya pointi 14. Ukiishika, lazima ishinde kwa zaidi ya 14 ndipo ule. Ukimshika kibonde, hata akifungwa kwa pointi 10 wewe umekula. Oneni jinsi soko la hisa na kamari vilivyo ndugu: mtu aliyekuwa anakadiria thamani ya karatasi za benki akahamishia akili ileile kwenye kikapu, na kazi ikawa moja, kutafuta namba ambayo nusu ya watu wataona ni ndogo na nusu wataona ni kubwa.

Lakini hiyo handikapu ikaleta jambo ambalo nadhani McNeil hakuliwaza. Kabla yake, mchezaji anayetaka kula rushwa ilibidi afungwe. Kufungwa kunauma, mashabiki wanakuzomea, kocha anakutazama, wenzako wanalia chumba cha kubadilishia nguo. Baada ya handikapu mchezaji anaweza kushinda mechi, akapigiwa makofi, akaenda kulala na hela ya mcheza kamari mfukoni. Anatakiwa ashinde kwa 9 badala ya 14, basi. Anakosa mtupo mmoja, anachelewa kurudi kukaba mara mbili, kazi imeisha. Huko wanauita mchezo huu jina lao, mimi hapa nitauita kubana pointi. Hata dhamira ya mtu inaweza kudanganywa hapo: "Si tumeshinda? Nimemdhulumu nani?"

Na hapo ndipo tunafika New York.

City College ya New York ilikuwa chuo cha watoto wa maskini. Kilianzishwa mwaka 1847 na kwa zaidi ya miaka mia moja hakikutoza ada. Watoto wa wahamiaji, mafundi cherehani, wauza mboga, walisoma pale. Mwaka 1950 timu yao ya kikapu, vijana wa Kiyahudi na weusi wa mtaani chini ya kocha Nat Holman, ikafanya jambo ambalo hakuna timu nyingine iliyowahi kulifanya: ikachukua mashindano mawili makubwa ya vyuo, NIT na NCAA, msimu mmoja. Njiani iliichapa Kentucky 89 kwa 50. Kentucky wakati huo ndiyo ilikuwa Kentucky hasa, chini ya kocha Adolph Rupp. Fainali zote mbili City College iliifunga Bradley. Hebu fikirieni furaha ya mji ule.

Mwezi wa Februari 1951 timu inarudi kwa treni kutoka Philadelphia, imetoka kucheza na Temple. Kituoni New York makachero wanasubiri. Ed Warner, Ed Roman na Al Roth wakakamatwa hapohapo. Walikuwa wamepokea hela za bwana mmoja mfanyabiashara wa vito, Salvatore Sollazzo, kupitia kijana mwenzao, Eddie Gard, aliyekuwa amechezea chuo cha Long Island. Nyuzi zikaanza kufumuka. Chuo cha Long Island kikaingia, na nyota wao Sherman White, mmoja wa wafungaji bora nchi nzima mwaka ule, akahukumiwa mwaka mmoja jela. Rupp alikuwa ametamba kwamba wacheza kamari hawawezi kuwagusa vijana wake kwa namna yoyote ile. Oktoba mwaka huohuo wakakamatwa Alex Groza, Ralph Beard na Dale Barnstable, wote waliotoka mikononi mwake, kwa mechi ya mwaka 1949 dhidi ya Loyola ya Chicago. Hesabu ya mwisho: wachezaji 32, vyuo 7, mechi 86. Ligi ya NBA ikawafungia mlango maisha. Sollazzo alipewa miaka 8 hadi 16.

Hapa nilisimama kidogo, maana kuna mtu kwenye mkasa huu ambaye kwenye semina yangu sikumtaja hata kwa jina, na bila yeye hakuna mkasa.

Anaitwa Junius Kellogg. Kijana mrefu kutoka Portsmouth, Virginia, aliyepitia jeshini, mchezaji wa kwanza mweusi wa timu ya Manhattan College. Hela hana, anafanya kibarua cha senti 75 kwa saa. Januari 1951 akajiwa na Henry Poppe, aliyekuwa nahodha wa timu msimu uliopita, mtu anayemheshimu. Poppe akamwambia kuna dola 1,000 zake kama atasaidia mechi na DePaul itoke vile wakubwa wanavyotaka. Dola 1,000 kwa senti 75 kwa saa! Pigeni wenyewe: ni zaidi ya saa 1,300 za kibarua. Kellogg akakataa, akaenda moja kwa moja kwa kocha wake, Ken Norton. Kocha akampeleka kwa wakubwa wa chuo, chuo kikaita vyombo vya dola, Kellogg akakubali kukutana tena na Poppe huku makachero wanafuatilia. Siku ya mechi alicheza vibaya kwa wasiwasi mpaka akatolewa. Manhattan ikashinda. Poppe na mwenzake Jack Byrnes wakakamatwa, na mwezi mmoja baadaye ndipo wakapatikana wale wa kituo cha treni. Kellogg mwenyewe mwaka 1954 alipata ajali ya gari akiwa na timu ya Harlem Globetrotters, akapooza. Baadaye akafundisha timu ya kikapu cha viti vya magurudumu.

Sasa niambieni, takwimu ziko wapi hapo? Mechi 86, zaidi ya misimu mitatu, na hakuna aliyekaa na kalamu akaona. Aliyefichua ni mtu mmoja aliyekataa hela.

Nikaendelea. Boston College, msimu wa 1978 hadi 1979: mchezaji Rick Kuhn na genge la wahuni wa New York akina Henry Hill na Jimmy Burke. Hao waligundulika baada ya Hill kukamatwa mwaka 1980 kwa mambo ya dawa za kulevya na kuamua kuimba kila kitu. (Ndiyo, ni huyuhuyu Hill wa filamu ya Goodfellas.) Kuhn alipigwa miaka 10, baadaye ikapunguzwa. Tena si takwimu. Ni mdomo wa mhuni anayeogopa.

Arizona State mwaka 1994 ndiyo ya kwanza ninayoiona ambapo namba zilipiga kelele kabla ya watu. Nyota wao Stevin Smith alikuwa na deni la kamari kwa mwanafunzi mwenzake, Benny Silman, akaambiwa alilipe kwa kubana pointi. Mechi za mwanzo zikapita kimyakimya. Lakini siri ya dili ikivuja kila mtu anataka kuingia, na siku ya mechi na Washington, Machi 1994, pesa zikamiminika Las Vegas upande wa kibonde mpaka handikapu ikaporomoka siku ileile. Wenye nyumba za kamari wakashtuka, wakapiga simu kwa wahusika. Arizona State ikaishia kushinda kwa tofauti kubwa na wajanja wote wakaliwa! Samahani, hapo nilicheka peke yangu maktaba mpaka mlinzi akaniangalia.

Ila angalieni kilichoonekana: ni pesa. Matokeo ya mechi peke yake yalikuwa hayajasema kitu.

Turudi kwa Wolfers na zile mechi 44,120, na hapa naomba utulivu maana ndipo nilipokosea. Akili yake ilikuwa nzuri sana. Kama handikapu ni 14 na imewekwa kwa haki, basi ushindi wa pointi 1 hadi 13 na ushindi wa pointi 15 hadi 27 zinatakiwa kutokea kwa wingi uleule, maana ziko umbali sawa na 14, huku na huku. Kwa timu zote zikijumlishwa, zinazopewa nafasi zilivuka handikapu karibu nusu kwa nusu kabisa. Lakini ukizichukua zile kubwa tu, zenye handikapu ya zaidi ya 12, unakuta zinavuka kama asilimia 48 na kitu. Zinashinda mechi lakini zinaishia chini ya handikapu mara nyingi kuliko inavyotakiwa. Yaani palepale ambapo mbana pointi angetaka ziishie. Kutoka hapo ndipo akapata ile asilimia 6, na kukadiria mechi kama 500 zenye mkono wa mtu. Mwenyewe aliita ushahidi wa awali. Hilo neno "awali" mimi kwenye semina nililiruka kama dimbwi la maji.

Kilichofuata baada ya 2006 sikukisoma kabisa. Mwaka 2008 Richard Borghesi alitazama ligi za kulipwa, ambako mchezaji ana mshahara mnono na sababu ndogo ya kuhongeka, akakuta alama ileile. Mwaka 2010 Dan Bernhardt na Steven Heston wakazigawa mechi za vyuo kwenye mafungu: zile ambazo pesa zilisogeza handikapu kwa namna ya kutia shaka, na zile ambazo hakuna dalili yoyote. Kama ni rushwa, alama ingekuwa nzito fungu la kwanza na nyepesi fungu la pili. Wakakuta iko kote kote. Hata kwenye mechi ambazo hazikuwekewa handikapu yoyote na wachezeshaji, alama ipo.

Maelezo yake hayahitaji mwizi. Timu inaongoza kwa pointi 20 zimebaki dakika tano. Kocha anafanya nini? Anawapumzisha nyota, anaingiza watoto wa benchi, wanashika mpira kupoteza muda. Kocha anataka kushinda, hana habari na handikapu ya mtu aliyeko kitandani Dar es Salaam. Matokeo yanalala upande mmoja: mechi nyingi zinaishia chini kidogo ya handikapu, na chache zinapaa mpaka tofauti ya 40. Mwalimu wetu alitufundisha mwaka wa kwanza kwamba wastani na namba ya katikati si kitu kimoja. Nilijibu swali hilo kwenye mtihani na nikapata!

Simaanishi hakuna rushwa. Ipo, majina nimeyataja hapo juu. Ninachosema ni kwamba ile alama kwenye mechi 44,120 ingekuwepo hata kama wachezaji wote ni malaika, kwa hiyo haikuniruhusu kusimama mbele za watu na kusema asilimia 6.

Nikajiuliza, mbona kwenye hisa namba zinakamata? Mwaka 1994 William Christie na Paul Schultz waliangalia bei za soko la NASDAQ. Wakati huo bei zilikwenda kwa sehemu za nane za dola, moja ya nane, mbili ya nane, na kuendelea. Wakakuta kwa hisa 70 kati ya 100 kubwa, zile namba witiri, moja, tatu, tano, saba, karibu hazitumiki. Maana yake pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza halishuki chini ya robo dola. Mnaweza kusema ni mazoea tu. Lakini habari ilipotoka magazetini mwezi Mei mwaka huo, namba witiri zikarudi ghafla kwa hisa kama za Microsoft, na pengo likapungua. Mazoea gani hayo yanayoisha siku ya kusomwa gazetini? Kesi iliisha kwa madalali kulipa zaidi ya dola bilioni moja.

Na Madoff. Harry Markopolos alianza kuwaandikia wasimamizi wa soko mwaka 2000, na mwaka 2005 akawapa waraka mrefu: miezi 174, miezi ya hasara 7 tu. Hakuna hisa duniani inayotembea hivyo. Ila hata yeye hakuishia kwenye mstari ulionyooka. Alionyesha kwamba mbinu ambayo Madoff alisema anaitumia ingehitaji mikataba mingi kuliko iliyokuwepo sokoni. Naye Edward Thorp, yule profesa wa hesabu aliyeandika namna ya kuishinda nyumba ya kamari kwenye karata, mwaka 1991 alikuwa ameshazikagua karatasi za Madoff kwa niaba ya mteja na kukuta manunuzi ambayo siku hiyo hayakufanyika kabisa. Madoff alikamatwa Desemba 2008.

Kwa hiyo kumbe hata kwenye hisa namba ilikuwa inagonga mlango tu. Kuna mtu alikwenda kuufungua.

Turudi chumbani. Juzi usiku nilimwamsha mshikaji nikamweleza yote haya, na nikamwonyesha hesabu moja ambayo ingemwokoa hata kama Wolfers angekuwa sahihi mia kwa mia. Huko Marekani ili ule dola 10 unaweka dola 11. Kwa hiyo ili usipoteze lazima upatie mara 11 katika 21, yaani asilimia 52.4. Timu kubwa zinavuka asilimia 48 na kitu, kibonde anabaki na 51 na kitu. Haifiki! Na yeye mikeka yake ililipa 1.85, kwa hiyo alihitaji kupatia zaidi ya asilimia 54. Rushwa yote ile ya asilimia 6, hata ingekuwepo, isingemlisha yeye chakula cha jioni hata siku moja. Ingemlisha mtu mmoja tu, anayejua ni mechi ipi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza: "Kwa hiyo zile nilizoweka mimi zilipangwa au hazikupangwa?"

Nikamwambia hakuna anayeweza kujua kwa kuangalia matokeo. Akasema sawa, akageukia ukutani.

Tumekubaliana nusu ya chakula chake ni juu yangu mpaka bumu lijalo. Mwalimu wa semina nimemwandikia kumwomba dakika kumi za kusahihisha nilichosema, amenipa Alhamisi saa nane. Sasa hivi ni saa saba usiku, jamaa anakoroma, na kesho ni zamu yangu kupanga foleni ya wali maharage kwa sahani mbili.